Mdalasini, uwatu, manjano au tangawizi: kipi kimfae mgonjwa wa sukari?

Kwenye meza za viungo pale soko la Kadutu, hapa Bukavu, muuzaji anaweza kukuuliza swali kabla hata hujauliza bei: "Mama, unataka ya chai ao ya maladi ya sukari?" Ni swali la biashara tu, lakini linaonyesha mambo yamefika wapi. Mtu akitoka hospitali na karatasi inayosema ana sukari, jioni hiyohiyo shangazi atampigia simu kumsimulia kuhusu kanele, yaani mdalasini, jirani ataleta chupa ya tangawizi, na kwenye kundi la WhatsApp la ukoo itarushwa sauti ya mtu asiyejulikana akiusifu uwatu, zile mbegu chungu. Wote wanamtakia mema. Yeye ndiye anayebaki na viungo vinne mezani, asijue ashike kipi.

Ulinganisho huu ni wake: mtu mzima mwenye kisukari cha aina ya pili, anayemeza vidonge au aliyeambiwa aanze kwa kurekebisha chakula. Si wa mtoto au kijana mwenye aina ya kwanza. Huyo uhai wake ni insulini. Akiikosa kwa siku chache tu anaweza kufa, na hakuna gome wala mbegu ya kuziba pengo hilo.

Na hata kwa wa aina ya pili, hapa tunazungumzia kiungo kinachoongezwa juu ya dawa, si kinachochukua nafasi yake. Nalisema mapema kwa sababu najua hali ya mji wetu. Tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, benki zikafungwa na ndege zikaacha kutua kwenye uwanja wa Kavumu, wengi walibaki bila pesa mkononi, na mtu asiye na pesa akiambiwa kuna unga wa bei ndogo unaoshusha sukari, ataununua. Simlaumu. Ila kabla hajaacha vidonge, na apige hesabu moja: bei ya kiungo cha mwezi mzima, kwa kiasi kile kilichotumika kwenye majaribio, na bei ya metformini ya kawaida ya mwezi huohuo farmasi. Metformini isiyo na jina kubwa la kampuni ni kati ya dawa za sukari za bei nafuu kuliko zote, na hesabu hiyo huwashangaza wengi.

Tunapima kwa vigezo gani

Kwanza, ushahidi: je, kiungo kimejaribiwa kwa watu, na sukari yao ikafanya nini? Hapa kuna vipimo viwili. Kimoja ni sukari ya asubuhi kabla ya kula, ile ya tone la damu kidoleni. Kingine ni HbA1c, kipimo cha maabara kinachoonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Cha pili ndicho kigumu kukidanganya. Mtu anaweza kujinyima chakula jana usiku akapata namba nzuri asubuhi, lakini hawezi kufuta miezi mitatu kwa usiku mmoja.

Pili, kiasi na namna ya kutumia. Tatu, madhara na kugongana na dawa. Nne, kupatikana kwake huku kwetu na usafi wake. Nami naongeza la tano, ambalo watu hulisahau: kiungo kinaingia tumboni kikiwa kimefuatana na nini.

Ili tuwe na kipimo cha kulinganishia, kumbuka kwamba metformini ikitumiwa kwa dozi kamili hushusha HbA1c kwa pointi 1 hadi 1.5 hivi. Aliyekuwa na asilimia 9 anaweza kushuka hadi karibu 8 au chini yake kidogo. Na kwa anayesema yeye anaamini majani kuliko vidonge: metformini yenyewe ina asili ya mmea. Chanzo chake ni galega, mmea wa Ulaya uliotumiwa zamani kwa dalili za kisukari, na daktari Mfaransa Jean Sterne ndiye aliyechapisha matokeo ya kuitumia dawa hiyo kwa wagonjwa mwaka 1957.

Ushahidi

Mdalasini umefanyiwa majaribio mengi, na ndio unaozua ubishi zaidi. Sifa zake zilivuma mwaka 2003, baada ya jaribio la Pakistan lililohusisha watu 60 wenye aina ya pili. Baadhi walipewa gramu 1, 3 au 6 za mdalasini kwa siku, wengine vidonge visivyo na kitu. Baada ya siku 40, sukari ya asubuhi ya waliopewa mdalasini ilikuwa imeshuka kwa asilimia 18 hadi 29. Ni matokeo makubwa, na ndiyo yanayozunguka kwenye simu zetu hadi leo.

Kinachoachwa njiani ni yaliyofuata. Mwaka 2006 huko Maastricht, Uholanzi, wanawake 25 waliokoma hedhi walishiriki jaribio la gramu 1.5 kwa siku kwa wiki sita. Mdalasini haukuleta tofauti. Mwaka huohuo Ujerumani, watu 79 walifuatiliwa kwa miezi minne: sukari ya asubuhi ya waliopewa dondoo la mdalasini ilishuka kwa asilimia 10 hivi, na ya waliopewa kidonge kitupu kwa asilimia 3 hivi, lakini HbA1c haikuonyesha tofauti. Mwaka 2012 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaopima tafiti za tiba, waliyaweka pamoja majaribio 10 yenye watu 577 wakaamua kwamba ushahidi hautoshi kuupendekeza mdalasini. Mwaka uliofuata uchambuzi mwingine, nao wa majaribio 10, ukaona sukari ya asubuhi ikishuka kwa wastani wa karibu miligramu 25 kwa desilita, huku HbA1c ikikataa tena kusogea kwa namna ya kuaminika.

Mimi nayasoma hivi: mdalasini unafanya kitu kwa baadhi ya watu asubuhi, lakini kitu hicho hakionekani vizuri ukipiga hesabu ya miezi mitatu. Anayekwambia "unaponya" amesoma jaribio la kwanza akaishia hapo.

Uwatu hauna sifa kubwa mitaani, lakini kwenye karatasi umesimama vizuri zaidi. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliokusanya majaribio 10 ulikuta sukari ya asubuhi inashuka kwa karibu miligramu 17 kwa desilita, na HbA1c kwa pointi 0.85. Hiyo ya pili ndiyo ya kutazamwa, kwa sababu inakaribia kile kinachofanywa na kidonge dhaifu. Majaribio mengi yalikuwa madogo na mengine hayakupangwa vizuri, kwa hiyo namba halisi huenda ikawa ndogo kuliko hiyo. Lakini kuna jaribio jingine la India, la watu 140 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda bila kufikia ugonjwa. Waliopewa gramu 10 za uwatu kwa siku walifuatiliwa kwa miaka mitatu, na wenzao wasiopewa walikuwa na uwezekano wa kupata kisukari mara nne zaidi.

Jinsi unavyofanya kazi pia inaeleweka. Mbegu imejaa nyuzinyuzi zinazogeuka ute zikikutana na maji. Ute huo unachelewesha chakula tumboni, na sukari inaingia kwenye damu polepole badala ya kuingia kwa mkupuo. Mla bugali ya muhogo ataelewa faida ya jambo hilo.

Manjano, ambayo wengi huku tunayaita kurkuma, yana jaribio moja linalong'aa. Thailand, mwaka 2012, watu 240 waliokuwa ukingoni mwa kisukari walifuatiliwa kwa miezi tisa. Katika kundi lililopewa kapsuli tupu, asilimia 16.4 walipata ugonjwa. Katika kundi la kurkumini hakupata hata mmoja. Lakini soma vizuri: walipewa kurkumini, yaani kiini kilichokamuliwa kutoka kwenye manjano, gramu 1.5 kila siku. Unga wa manjano wa sokoni una kurkumini ya asilimia 3 hivi. Ukitaka kufikia kiasi kile kwa unga wa Kadutu, itakubidi ule gramu 50 kwa siku, zaidi ya vijiko vikubwa vitano. Sijui mchuzi wa kustahimili hayo. Kwa hiyo ushahidi upo, ila ni wa kapsuli. Wa sufuria ni hadithi nyingine.

Tangawizi iko katikati. Majaribio yake mengi yametoka Iran, kwa gramu 1.6 hadi 3 za unga kwa siku, kwa wiki 8 hadi 12. Baadhi yalionyesha sukari ya asubuhi na HbA1c vikishuka kidogo, mengine hayakuona kitu cha maana. Muda ni mfupi na watu ni wachache.

Kiasi na namna ya kutumia

Hapa tangawizi inashinda kwa urahisi. Gramu 2 za unga wake ni sawa na gramu 10 hivi za tangawizi mbichi, kipande cha ukubwa wa kidole gumba, maana sehemu kubwa ya ile mbichi ni maji. Kiasi hicho kinaingia kwenye chai au kwenye sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, bila mtu kulalamika.

Mdalasini nao si mgumu. Kijiko kidogo cha unga kilichosawazishwa ni gramu 2.6 hivi, na unaingia kwenye uji, kwenye chai ya rangi, hata kwenye maharage. Tatizo lake haliko kwenye kutumia, liko kwenye aina, nalo tutalifikia.

Uwatu unataka moyo. Chukua kijiko kikubwa cha mbegu, gramu 10 au 11, loweka kwenye glasi ya maji usiku. Asubuhi utakuta mbegu zimevimba, zimekuwa laini, na maji yamekuwa mazito yenye rangi ya manjano hafifu, yanavutika ukiinua kijiko kama maji ya bamia. Unakunywa yale maji na kutafuna mbegu. Ni chungu, na harufu yake haifichiki. Wengine huzikaanga kidogo na kuzisaga ili uchungu upungue, kisha wanachanganya unga huo kwenye unga wa bugali au kwenye mboga. Usianze na kijiko kizima. Anza na nusu ya kijiko kidogo kwa siku kadhaa, upandishe polepole, la sivyo tumbo litajaa gesi, utaharisha, na hutautazama tena uwatu.

Manjano kwenye chakula ni rahisi, ila faida yake ni hafifu kama tulivyoona. Kurkumini haipiti vizuri kutoka utumboni kuingia kwenye damu. Pilipili manga inaisaidia kupita, na jaribio la mwaka 1998 lilionyesha kiasi kinachofika kwenye damu kikipanda mara 20. Ndiyo maana kapsuli nyingi zina pilipili manga ndani yake. Kumbuka hilo tukifika kwenye madhara.

Madhara, na kugongana na dawa

Mdalasini kwanza, kwa sababu hapa ndipo watu wanapodhani hakuna la kuogopa. Mti mmoja hautoi mdalasini wote. Kuna ule wa Sri Lanka, unaolimwa pia Madagaska na Shelisheli, na kuna kasia, unaotoka China, Indonesia na Vietnam. Kasia ndiyo nafuu na ndiyo iliyojaa masoko mengi duniani. Ina kitu kinachoitwa kumarini, ambacho kikizidi kinaweza kudhuru ini kwa baadhi ya watu. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya imeweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Taasisi ya Ujerumani inayoshughulikia mambo hayo ilikuta kasia ina wastani wa miligramu 3 za kumarini kwa kila gramu. Mtu wa kilo 60 anafikia kikomo kwa gramu 2, ambazo hazijazi hata kijiko kidogo. Ule wa Sri Lanka una kumarini kidogo mno.

Utautambuaje mezani? Ukiwa wa unga, huwezi. Ukiwa gome, chukua kipande mkononi. Kasia ni gome moja nene, gumu, lililojikunja upande mmoja au pande zote mbili, rangi yake nyekundu ya udongo, na ukijaribu kulivunja kwa vidole linakushinda. Ule mwingine ni tabaka nyingi nyembamba zilizojisokota pamoja kama sigara, rangi yake hafifu, na unavunjika kwa kubanwa tu. Wauzaji wazoefu wanaijua tofauti. "Hii ya ngumu ni bei kidogo, ile ya kuvunjika ni bei," watakwambia, na wana haki.

Uwatu una mambo matatu ya kuangalia. La kwanza ni ujauzito: mwanamke mjamzito asiutumie kama dawa, maana unaweza kuchochea mfuko wa uzazi. La pili ni mzio: anayedhurika na karanga au dengu ajihadhari, kwa sababu ni jamii moja ya mimea. La tatu ni dawa nyingine. Ule ute unaweza kuchelewesha vidonge visiingie mwilini, kwa hiyo acha nafasi ya saa moja au mbili kati ya uwatu na dawa zako. Jambo jingine si madhara ila linatisha: jasho na mkojo huanza kunukia utamu, kama sukari iliyoungua. Mgonjwa wa sukari akinusa hivyo anaweza kudhani ugonjwa umepanda. Pima kwanza ndipo uogope.

Manjano ya kwenye chakula ni salama kwa walio wengi. Kapsuli zenye nguvu, hasa zile zilizochanganywa na pilipili manga, zimeripotiwa kudhuru ini la baadhi ya watumiaji. Mwenye mawe kwenye nyongo ajiepushe na kiasi kikubwa, na aliyewahi kupata mawe ya figo vilevile, kwani manjano yana oksalati nyingi, kitu kinachojenga mawe hayo. Tangawizi, ikizidi, huleta kiungulia.

Uwatu, manjano na tangawizi kwa kiasi kikubwa havifai kutumiwa kiholela na anayemeza warfarini au dawa nyingine za kufanya damu iwe nyepesi.

Halafu lile kubwa kwa vyote vinne. Ukimeza metformini peke yake, hatari ya sukari kushuka kupita kiasi ni ndogo. Ukimeza glibenklamidi au gliklazidi, vidonge vinavyosukuma mwili utoe insulini zaidi, au ukijidunga insulini, halafu ukaongeza kiungo kinachofanya kazi kweli, hasa uwatu, sukari inaweza kuanguka chini ya miligramu 70 kwa desilita. Jasho la ghafla, mikono kutetemeka, njaa kali, kizunguzungu, maneno kupotea: hapo kunywa maji yenye vijiko vitatu vidogo vya sukari, subiri dakika 15, upime tena. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mzee anayeishi peke yake na kwa aliyeruka chakula.

Kupatikana na usafi

Tangawizi inalimwa milimani kwetu na ipo kila soko, Nyawera, Kadutu, hata kwa mama wa kando ya njia. Manjano nayo hayasumbui, mabichi au unga. Mdalasini upo, na mwingi unaingia kutoka nje. Uwatu ndio wa kutafuta: uliza wauzaji wakubwa wa viungo au maduka yenye bidhaa za Kihindi, na ukikosa, wanaovuka mto Ruzizi kwenda Kamembe, Rwanda, huweza kuagizwa.

Kuhusu usafi, ushauri wangu ni mmoja: nunua kizima, usage mwenyewe. Mwaka 2023 huko Marekani watoto walidhuriwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, yaliyokuwa kwenye rojo la tufaha lililotengenezwa Ecuador, na chanzo kilikuwa mdalasini wa unga uliotiwa ndani yake. Mwaka 2024 mamlaka ya huko ikaonya tena kuhusu mdalasini wa unga wa chapa kadhaa. Bangladesh ilikuwa na tatizo hilohilo kwenye manjano, ambayo yalipakwa rangi yenye risasi ili yang'ae. Mwaka 2019 asilimia 47 ya sampuli za sokoni zilikuwa na risasi, serikali ikawabana wafanyabiashara, na kufikia 2021 haikupatikana hata moja. Kwa hiyo manjano ya unga yanayong'aa kupita kiasi yasikuvutie. Kinu tunacho kila nyumba. Kinachoponda sombe, yaani majani ya muhogo, hakitashindwa na gome.

Kiungo kinafuatana na nini

Hiki ndicho kigezo changu cha mwisho, na kwa maoni yangu ndicho kinachoharibu kazi ya vingine vyote.

Tangawizi ya chupa inayouzwa mjini ni tamu. Glasi yenye vijiko vinne vidogo vya sukari ina gramu 16 za sukari, na hakuna kiasi cha tangawizi kitakachofuta hizo. Mdalasini nao huku umezoea kukaa kwenye chai ya maziwa yenye sukari, pembeni mandazi mawili. Mgonjwa anakwambia "nakunywa kanele kila asubuhi" na anasema kweli, lakini kipimo kinapanda kwa sababu ya kilichobaki kwenye sahani.

Wengine wamebadili sukari kwa asali wakidhani wametoka hatarini. Kijiko kikubwa kimoja cha asali kina gramu 17 za sukari. Kuichanganya na mdalasini, kama wanavyoshauri wengi, ni kushusha kwa mkono mmoja na kupandisha kwa mwingine.

Manjano yana bahati hapa, kwa sababu yanakwenda na mboga, maharage na samaki. Uwatu una bahati zaidi: uchungu wake haupendi chai tamu, na ukiutia kwenye unga wa bugali unakwenda pamoja na chakula chenyewe kinachopandisha sukari. Lakini tusidanganyane. Kupunguza donge la bugali hadi ukubwa wa ngumi yako, na nusu ya sahani ikawa lengalenga au sombe isiyoelea mafuta, kutakufanyia zaidi ya kiungo chochote kati ya hivi vinne.

Kinamfaa nani

Mdalasini unamfaa anayependa ladha yake na ambaye ini lake halina shida, akitafuta ule wa kuvunjika au akibaki chini ya gramu 2 za kasia kwa siku, pungufu ya kijiko kidogo, bila kutegemea makubwa. Uwatu unamfaa mwenye subira na tumbo imara, anayekula wanga mwingi, asiye mjamzito, na mwenye njia ya kupima sukari yake. Manjano yanamfaa anayetaka chakula kizuri zaidi bila kuhesabu gramu; kapsuli zake ni za kuzungumza na muganga wa hospitali, si za kununua kwa kusikia. Tangawizi inamfaa asiye na pesa ya kutafuta vingine, na anayeweza kuinywa bila sukari.

Kulingana na hali yako

Ndiyo kwanza umeambiwa una sukari na hujaanza dawa: usianze kiungo wiki hiyohiyo unayoanza vidonge. Mambo yakibadilika hutajua kilichobadilisha ni kipi. Acha dawa na chakula vikae sawa kwanza.

Unameza glibenklamidi au unatumia insulini: mwambie muganga jina la kiungo na kiasi kabla ya kuanza, na uwe na sukari au pipi mfukoni. Kama huna uwezo wa kupima, baki na viungo vya kiasi cha kupikia tu.

Una mimba na sukari imepanda: uwatu weka mbali, na mdalasini, manjano na tangawizi vibaki kiasi cha kuonja kwenye chakula. Sukari ya ujauzito inataka kliniki, tena mapema.

Umewahi kuugua ugonjwa wa ini, au unakunywa kasiksi na pombe nyingine kila siku: kasia na kapsuli za kurkumini si zako.

Dawa zimekwisha na pesa hakuna: nenda kituo cha afya ukaseme hivyohivyo, uulize dawa ya bei nafuu zaidi inayoweza kuchukua nafasi ya yako, badala ya kukaa kimya na chupa ya mizizi. Ukiona kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara, kukonda haraka, kutapika au kupumua kwa nguvu, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Umeamua kujaribu, na vijiti vya kupimia ni vichache: chagua kiungo kimoja tu. Pima asubuhi kabla ya kula mara mbili kwa wiki, wiki mbili kabla ya kuanza, kisha vilevile baada ya kuanza, saa ileile. Ukiweza kulipia HbA1c, fanya moja mwanzoni na nyingine baada ya miezi mitatu. Namba zisiposogea, acha, pesa hiyo inunue mboga. Na pembeni ya kila namba andika ulichokula jana yake usiku, pamoja na ukubwa wa bugali, kwa sababu muganga ataliuliza hilo kabla ya kuuliza kiungo.